Sura ya Tano: Kitako na Ubavu

Mshika mawili, walisema wahenga, moja humponyoka. Aliyeitunga methali hiyo bila shaka hakuwa mama wa watoto watatu katika kijiji kikavu, maana mama huyo asiposhika mawili hamalizi hata moja. Huteka maji mtoto akiwa mgongoni, hupalilia huku sikio liko kwa mbuzi, na kama ni msukaji, kikapu chake kiko kwapani popote aendapo. Kila inapozungumziwa kazi ya mikono nyumbani, iwe ni kusuka kikapu Taita au kufuma soksi Uskoti, swali huwa lile lile: mtu mwenye familia anapata wapi muda? Nadhani swali hilo huulizwa vibaya. Linauchukulia muda kama sarafu iliyoangukia uvunguni, kwamba ukiinama na kupapasa vizuri utaiokota. Ninachodai katika sura hii ni kingine: kazi ya mikono inayodumu katika nyumba yenye watoto hudumu kwa sababu ya umbo lake yenyewe, na umbo hilo lina sehemu mbili zisizofanana. Moja hukubali kukatizwa mara mia kwa siku bila kudhurika. Ya pili haikubali. Tusipozitenganisha hizo mbili tutaendelea kuwasifu wanawake kwamba wanaweza yote, na sifa, kama tujuavyo, hailipi karo.

Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka Mlima Kasigau, pamoja na Rukanga, Jora, Bungule na Kiteghe, katika kaunti ya Taita Taveta. Mlima una kimo cha mita 1,641, na msitu wa ukungu ulio juu yake hunyonya unyevu wa mawingu. Maji yake hushushwa vijijini kwa mabomba, siku ambazo mabomba yana maji. Chini ni nyika tupu: Tsavo Mashariki upande huu, Tsavo Magharibi upande ule, na katikati ranchi ambamo ndovu hupita kama wenye hatimiliki. Mahindi, kunde na pojo hupandwa kwa matumaini zaidi kuliko uhakika. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 mvua ziliwahini watu wa sehemu kubwa ya Kenya kavu misimu mitano mfululizo, na hata mwaka wa mvua nzuri kundi la ndovu linaweza kumaliza kwa usiku mmoja jasho la miezi minne. Ndiyo maana katani, yaani nyuzi za mkonge, ina heshima yake huku. Vikundi vya akina mama husuka vikapu, na vikapu vya eneo hili la mlimani na vya vijiji vingine vya kaunti hutafutiwa soko la nje na shirika la Hadithi. Kikapu kilichoanzwa chini ya mwembe huishia Ulaya, kikishika magazeti au chungu cha maua.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka wa 1893, na inajulikana kwamba katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo yakaja mashamba makubwa ya Afrika Mashariki, na leo shamba la Teita huko Mwatate ni mwendo mfupi tu kutoka Voi. Katika shamba la mkonge kila jani lina hesabu. Mkataji hukata, hufunga mafungu, mafungu hupangwa safu kwa safu, na malipo hufuata hesabu ya mafungu. Jani la aina hiyo hiyo likiingia nyumbani na kuanza safari ya kuwa kikapu, hesabu hukoma mlangoni. Hakuna anayeandika ni saa ngapi zimeingia humo, hata msukaji mwenyewe, na nitarudi kwenye jambo hilo kwa sababu ndilo mzizi wa fitina.

Kwanza tukitazame kikapu kwa karibu. Jani hupasuliwa vipande vyembamba, nyama yake ya kijani hukwanguliwa hadi zibaki nyuzi nyeupe, kisha nyuzi huoshwa na kuanikwa. Msukaji huchukua vishungi viwili, huviviringisha juu ya paja kwa kiganja kuelekea upande mmoja, halafu huvirudisha pamoja. Vikikumbatiana vimekuwa uzi mmoja usiojifungua. Zinazotakiwa rangi huchemshwa katika sufuria. Kisha kitako. Nyuzi chache za wima hulazwa zikipishana kama njia panda, na nyuzi mbili nyembamba huanza kuzizunguka, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, zikibadilishana nafasi kila hatua. Kitako kinapopanuka lazima nyuzi za wima ziongezwe, na ziongezwe kwa usawa pande zote, la sivyo kitajikunja kama sahani ya plastiki iliyoachwa juani. Upana ukitosha, nyuzi huelekezwa juu na ubavu huanza kupanda, mzunguko juu ya mzunguko. Siri iko katika ule mpishano wa nyuzi mbili. Zinapobadilishana nafasi huubana uzi wa wima katikati yao, na kila mbano ni kama kufuli. Ukiitwa ghafla, mtoto kajikwaa au sufuria imefurika, unakiweka chini kikapu na kuondoka. Hakuna kitakachofumuka. Ukirudi baada ya dakika tano au baada ya siku tano, nyuzi zinakungoja pale pale ulipoziacha.

Soksi ni binamu wa kikapu, japo ana tabia ya wasiwasi zaidi. Hufumwa kwa sindano tano: nne hushika vitanzi kwa mzunguko, ya tano hufanya kazi. Vitanzi viko wazi, kwa hiyo sindano ikichomoka navyo huteremka kimoja baada ya kingine hadi chini, na ndiyo sababu mfumaji akiitwa hujibu "naja" na kumaliza sindano aliyo nayo kabla ya kuinuka. Lakini mguu wa soksi, kuanzia ukingo hadi juu ya kisigino, ni mzunguko mmoja unaojirudia, na mkono uliozoea huenda wenyewe huku macho yakimtazama mtoto. Hesabu yake inafaa kufanywa angalau mara moja. Soksi ya mtu mzima yenye vitanzi 64 kwa mzunguko na mizunguko 160 ina vitanzi 10,240. Anayefuma vitanzi 30 kwa dakika atahitaji kama saa tano na dakika arobaini. Hakuna mama wa mtoto mchanga anayezipata saa hizo kwa mkupuo. Zikatekate vipande vya dakika kumi, utapata vipande 34 au 35 kwa soksi moja, na dakika kumi zipo: kwenye foleni ya kliniki, kwenye benchi la kungojea matatu, jioni maharagwe yakichemka. (Soksi ya sufu haina kazi kubwa Makwasinyi, ambako ardhi ya mchana huunguza nyayo. Ila ufumaji si jambo geni Kenya. Waliopitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, wanazikumbuka sindano za spoki za baiskeli.)

Jambo hili wasomi wamelitazama. Mwaka wa 1970 mwanaanthropolojia Judith Brown alichapisha makala fupi iliyojaribu kueleza kwa nini katika jamii nyingi kazi fulani huangukia kwa wanawake. Jibu lake halikuhusu nguvu za misuli. Alisema kazi hizo ni zile zinazopatana na ulezi: hazidai akili yote, zinakatizika na kuendelea kirahisi, hazimhatarishi mtoto aliye karibu, na hazimpeleki mtu mbali na nyumbani. Baadaye Elizabeth Wayland Barber, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu historia ya wanawake na nguo, aliitumia hoja hiyo kueleza kwa nini kusokota na kufuma vilikaa mikononi mwa wanawake kwa maelfu ya miaka. Ninaikubali hoja kwa nusu. Inakieleza kikapu vizuri sana. Siku nzima ya mwanamke wa Makwasinyi haiielezi hata kidogo: kutafuta kuni katika nyika yenye ndovu si kazi salama wala ya karibu, na sufuria ya rangi inayochemka ni hatari kwa mtoto yeyote, na bado kazi hizo huangukia kwake. Kwa hiyo Brown anatueleza kwa nini katika shughuli zake zote kikapu ndicho kinachotoshea kila mahali. Lakini hasemi kwa nini shughuli zenyewe ni nyingi hivyo.

Mtu atasema: kazi ya kuvunjwavunjwa huwa mbovu, na Waswahili wenyewe walishakata shauri kwamba chururu si ndo ndo ndo. Pingamizi hili lina uzito. Mkono uliochoka hubana nyuzi zaidi au huzilegeza, na kikapu kilichosukwa na mikono ya hali tofauti kinaweza kuonyesha mawimbi ubavuni, mzunguko huu umejikaza, ule umevimba. Walakini tazama ni nani anayenunua. Mnunuzi wa Ulaya huagiza kwa vipimo: kipenyo hiki, kimo hiki, mistari mingapi na ya rangi gani, na kikapu kilichopinda hurudi. Kama kusuka kwa vipande kungezaa kazi mbovu, biashara hiyo isingedumu hata misimu miwili. Kinachowezekana ni kwamba msukaji mzoefu amejifunza kitu ambacho mfanyakazi wa mkupuo hana haja nacho, yaani kuurudisha mkono kwenye mkazo ule ule kila aketipo, kama mwimbaji anayeipata sauti yake bila kupigiwa kinanda. Huo ni ujuzi wa ziada, na unastahili kuitwa ujuzi badala ya kuitwa "uvumilivu wa akina mama".

Hata hivyo pingamizi hilo linatuonyesha mlango. Kuna sehemu za kikapu ambazo kweli haziendi kwa ndo ndo ndo. Kitako ni moja. Idadi ya nyuzi za wima inayowekwa mwanzoni, na mahali zinapoongezwa, ndiyo inayoamua kikapu kizima, na kosa la pale halionekani hadi ubavu umepanda nusu, wakati hakuna dawa ila kufumua. Michoro ni nyingine: pembetatu inayopanda kwa kupunguza uzi mmoja kila mzunguko inataka kuhesabu, na mtoto akiuliza "mama, kalamu yangu iko wapi?" hesabu imepotea. Pindo la kumalizia ni ya tatu. Katika soksi mahali hapo ni kisigino, ambapo mfumaji hugeuza njia, huacha vitanzi kadhaa, huviokota vingine ubavuni, na akikosea kimoja soksi huwa na goti. Dakika hizo haziwezi kuchanganywa na dakika za ubavu hata kama saa ya ukutani inazipima sawa. Dakika za ubavu ni za mkono, na kwa kweli zimejaa tele. Siku ya mwanamke imetapakaa nazo kama punje sakafuni. Dakika za kitako ni za akili, na hizo ndizo adimu. Anayesema "sina muda wa kusuka" mara nyingi anasema kweli, ila anachokosa hasa ni saa mbili za utulivu za kuanzia. Akishavuka hapo, kikapu humfuata chenyewe.

Kuna mahali pengine palipopitia haya kabla yetu, na historia yake imeandikwa. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wanawake wa karne ya 19 walikwenda kwenye machimbo ya mboji kuchukua mboji kavu ya kuwasha kama kuni, wakarudi na kapu zito mgongoni, na njia nzima mikono yao ilikuwa ikifuma. Picha zao zipo: kapu nyuma, soksi mbele. Walikuwa na kifaa chao, mshipi wa ngozi wenye mto mdogo uliotobolewa matundu, ambamo sindano moja ilichomekwa ili kazi isimame imara wakati mwili unatembea. Ukiondoa baridi na upepo, huyo ni jirani wa msukaji wa Makwasinyi. Sasa malipo yao. Mwaka wa 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma William Guthrie kuchunguza namna watu wa Shetland walivyokuwa wakilipwa, na wafumaji walifika mbele yake wakaeleza: mfanyabiashara hakuwapa pesa, aliwapa chai, vitambaa, vitu vya dukani. Mwingine akabaki kubadilishana chai hiyo na jirani ili apate unga. Wavuvi pia walibanwa na mfumo huo, lakini ufumaji ulikuwa na udhaifu wake wa pekee. Ilikuwa rahisi kuuchukulia kama kazi ya pembeni, inayofanyika njiani, kwa muda ambao ungepotea hata hivyo. Na kitu kilichotengenezwa kwa muda unaodhaniwa ungepotea, nani atakilipia pesa taslimu?

Hapo ndipo hoja ya umbo inapogeuka na kuwa mwiba. Sifa ile ile inayokifanya kikapu kitoshee katika nyumba, kwamba hakidai saa zake, ndiyo inayokifuta katika hesabu. Muda uliotumika haukukatwa mahali popote panapoonekana. Hakuna aliyemwona msukaji "akiwa kazini". Mume akiulizwa atasema alikuwa kisimani, mwalimu atasema alikuwa kwenye mkutano wa wazazi, nesi atasema alikuwa kliniki, na wote watakuwa wamesema kweli. Kikapu kinatokea mwisho wa mwezi kama uyoga baada ya mvua, na mnunuzi anauliza bei ya mwisho ni ngapi kana kwamba kiliota.

Wapo watakaoniambia, hasa wale ambao wametetea haki za wanawake kwa miaka, kwamba kuusifu ustadi wa kusuka kwenye foleni ni kuupamba uchovu. Nawasikiliza. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na shirika la takwimu la Kenya, KNBS, mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba mwanamke hutumia karibu saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa, na mwanamume hafiki saa moja. Mtu mwenye mzigo huo akiongezewa kikapu, je, tumemsaidia au tumemtafutia mzigo unaobebeka? Jibu langu ni kwamba kikapu hakikuuleta mzigo na kukiondoa hakutaupunguza. Mwanamke asiyesuka hungoja maji kwenye foleni ile ile, kwa muda ule ule, mikono mitupu. Tena kusuka si kazi tu. Vikundi vingi hukutana, huchanga, hukopeshana na kusengenyana kidogo, mikono ikiwa kazini, na kuna wengi ambao kwao hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuketi bila kuulizwa kwa nini wameketi. Ila nakubali jambo moja bila kusitasita: ikiwa kikapu kinatumiwa kama kisingizio cha kutogawana zile saa nne na nusu, basi kimegeuzwa silaha dhidi ya anayekisuka.

Wengine wana dawa ya mkato: waondoeni wanawake kwenye foleni, wapeni ajira ya kiwandani. Mfano uko jirani. Wildlife Works, kampuni inayoendesha mradi wa hewa ya ukaa katika ushoroba wa Kasigau, ambao mwaka wa 2011 ulitangulia duniani kutoa hati za kaboni za kulinda msitu chini ya kipimo cha VCS, ina kiwanda cha nguo Rukinga, karibu na Maungu. Ajira kama hiyo ni njema: ina mshahara, ina saa ya kuingia na ya kutoka, na hakuna anayesema haionekani. Lakini cherehani haifuatani na mtu kliniki. Inamtaka mtu mahali pamoja, saa nzima, na mtoto awe kwa mwingine, na barabara ya vumbi ya kutoka vijiji vya Kasigau hadi Maungu si ya kupitwa kila asubuhi na kila mtu. Kiwanda humfaa aliye na nyanya wa kumwachia mtoto. Asiye naye humbakia kikapu. Njia zote mbili zinahitajika, na kosa ni kuifikiria ya pili kama ngazi ya chini inayongoja kufutwa na ya kwanza.

Soksi inaweza kutufunza kwa nini. Ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa vya kufumwa kunyang'anywa mkono na mashine: mwaka wa 1589 Mwingereza William Lee, wa Calverton, aliunda mtambo wa kufuma soksi, na inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth I alimnyima hati kwa kuwahofia wafumaji maskini. Hofu yake ilikuwa na msingi, ingawa haikuzuia kitu. Leo soksi za kiwandani zimejaa kila soko, Voi ikiwemo, na jozi ya mkono haiwezi kushindana nazo kwa bei. Anayefuma soksi sasa anafuma kwa raha yake au kwa zawadi. Kikapu bado hakijapatiwa mashine. Kila kikapu cha katani cha kuzungushia nyuzi, popote duniani, kimepita mikononi mwa mtu hatua kwa hatua. Maana yake ni kwamba hapa, tofauti na soksi, bei bado inaweza kubishaniwa, kwa sababu hakuna chuma kinachongoja kuifanya kazi hiyo kwa senti.

Na ili kubishana lazima uhesabu, hesabu ya kweli, inayozitenga dakika za mkono na za akili. Tuseme vikapu viwili vina ukubwa sawa na kila kimoja kimechukua saa 32. Cha kwanza ni cha rangi moja: saa mbili za kitako, zilizobaki zote ni za ubavu. Cha pili kina michoro, na katika saa zake za ubavu 12 zilikuwa za kuhesabu, zilizofanywa usiku kwa taa ya sola watoto wakishalala. Tuseme cha kwanza kinamwachia msukaji shilingi 1,500 na cha pili 1,700. Macho ya haraka yataona michoro inalipa. Ukigawa ile 200 ya ziada kwa saa 12 za usingizi, unapata chini ya shilingi 17 kwa saa. Mwenye hesabu hiyo daftarini ana nguvu ambazo mwenzake hana. Haimwezeshi kumwamuru mnunuzi, maana mnunuzi hulipia uzuri na si jasho, na mwenye kudai kwamba saa nyingi zinaleta bei kubwa hajawahi kuuza kitu sokoni. Inamwezesha kuchagua: oda ipi aikubali, ipi aikatae, na usiku upi alale.

Limebaki pingamizi la wanaume, ambalo husemwa kwa kicheko: kusuka ni kazi ya wanawake, yatuhusu nini? Katika kisiwa cha Taquile, Ziwa Titicaca, nchini Peru, kofia za sufu hufumwa na wanaume, nao hufundishwa tangu utotoni na hufuma wakitembea vilimani; UNESCO iliutambua ufundi wa kisiwa hicho mwaka wa 2005. Vidole havina jinsia. Lakini sitamwomba mwanamume wa Makwasinyi ajifunze kusuka kabla ya jua kutua. Kuna msaada ulio rahisi zaidi, na hauhitaji ujuzi. Kama nyumbani kwako yuko anayesuka, au anayefuma, muulize leo amefika wapi. Akisema ubavuni, mwache, anajua njia. Akisema kitakoni, au kisiginoni, chukua mtungi ukateke maji wewe, na uende na watoto.